Hoteli Zote Zimekuwa Safi

Gesti ya nyuma ya hospitali
6 Februari

Mke wangu mdogo,

Nakusalimu huko ulikohamishiwa, na natumaini maji yao yanapita kwenye mita kama ya watu wengine. Mimi sijambo ila macho, na macho ndiyo yaliyonileta huku. Nyumbani nimewaacha wazima. Baba yako amenunua gari. Ni kuukuu lakini linatembea. Alinifikisha stendi, akanipakia kwenye basi, akamwambia dereva anishushe mlangoni. Dereva alinishusha alipotaka yeye. Mama yako analalamika kwamba hujaandika tangu tumzike bibi yako. Nilimwambia wewe ni mke wangu, si wake, na mimi sijalalamika.

Hospitali wanataka kuniona kila Jumatano kwa miezi kadhaa. Kwenda na kurudi siwezi, kwa hiyo nimepanga chumba. Kina kitanda, meza, sinki na msumari wa kutundikia koti. Mlangoni wamebandika karatasi kwamba ni marufuku kupika chumbani. Sheria nzuri, ningekuwa bado kazini ningewapongeza. Simu nimemwachia mama yako, maana namba zake zimekuwa ndogo mno, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani.

Sasa shida yangu, na usicheke. Sijui kula hotelini. Nimekuwa bwana afya maisha yangu yote ya kazi, nimekagua majiko ya kila aina, nimefunga mengine, na sijawahi kula hata katika moja. Mwenye jiko akishakulisha, kalamu inakuwa nzito. Nilikuwa nakagua, narudi nyumbani, bibi yako anapakua. Hivyo ndivyo nilivyoishi mpaka mwaka jana.

Jana niliingia hoteli ya karibu na stendi. Mhudumu akaniuliza, "Mko wangapi?"

"Niko mmoja."

"Unamngoja mwenzako?"

"Simngoji mtu."

Akanipeleka meza iliyo kando ya mlango wa choo. Nilitazama mtaro wao: mafuta yameganda. Nikatazama kucha za mpishi. Nikanywa chai, maana maji yaliyochemka hayana kesi, nikaondoka na njaa yangu.

Wewe uliutembea mji huu kwa miguu miaka mitatu ukisoma mita za maji. Nielekeze. Sina gari, sina mwenzangu, na barabara kubwa siivuki, magari yake yananifikia kabla sijayaona. Nataka mahali penye kiti chenye egemeo, pasipo na mtu wa kunifukuza nikimaliza kula, wala wa kuniuliza tuko wangapi.

Likizo yako ni lini? Nauliza tu.

Babu yako


15 Februari

Mume wangu mzee,

Shikamoo, na pole kwa chai ya njaa. Barua yako ilifika ofisini, na msimamizi alipoona umeandika "Mke wangu" mpaka kwenye bahasha akaniuliza nimeolewa lini. Nikamwambia ni mzee fulani, mahari hajamaliza. Mimi mzima. Huku nyumba ziko mbalimbali, na kila nyumba ina mbwa anayeichukia sare yetu. Wafanyakazi wenzangu ni watu wazuri. Mchana tunakula pamoja, tunacheka. Mama nitamwandikia.

Haya, sikiliza. Ukitoka geti la gesti shika mkono wa kulia, usivuke chochote. Ukuta ukiisha kuna posta. Kantini yao ni ya wafanyakazi, lakini geti la pembeni liko wazi kwa yeyote. Wali na maharage, siku nyingine samaki. Nenda kabla wafanyakazi hawajatoka, maana wakitoka ni vita. Jirani na posta kuna duka la mikate lenye meza tatu. Hapo ni pa asubuhi. Mayai wanakukaangia ukiomba kwa adabu, kwa hiyo sijui wewe utafanyaje.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Ukiendelea mbele, kwenye maduka ya vitambaa, utasikia vyerehani. Katikati yake kuna ngazi. Panda polepole, kuna chuma cha kushikilia. Juu kuna hoteli ya mama mmoja tunayemwita Mama Ngazi, kwa sababu kila anayefika kwake anafika akizilalamikia ngazi. Ana meza moja ndefu dirishani. Waliokuja wawili wanakaa kwingine. Meza ile ni ya waliokuja peke yao. Hakuna aliyeipanga hivyo, imekuwa hivyo tu. Nilikula hapo karibu kila siku, na sikumjua hata mmoja kwa jina, ila tulikuwa tunajuliana hali. Chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki ubaoni, juu ya kaunta.

Sharti langu ni moja: ingia kwa mlango wa mbele kama watu. Usianzie nyuma kukagua mitaro. Umestaafu, mume wangu. Nzi wa mji huo wana bwana afya mwingine.

Likizo bado haijapangwa.

Mkeo,
Mita


2 Machi

Mke wangu mdogo,

Nimepata habari za nyumbani. Baba yako ameligonga gari kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe. Nguzo ni nzima. Mama yako hajambo. Baba yako ameisafisha stoo ya nyuma na kuweka kitanda. Anasema macho yakikataa nitahamia hapo, nitaletewa chakula kwenye sinia. Ana nia njema. Lakini nimeshamwona mzee wa kuletewa sinia. Anakula akitazamana na ukuta, na nyumba nzima inasema anatunzwa. Mimi sitaki kutunzwa hivyo. Maadamu naweza kutoka mwenyewe nikatafute sahani yangu, nitatoka.

Hoteli zako nimezikagua. Kantini ya posta: sakafu imepigwa deki, pembe hazijaguswa tangu jengo lijengwe. Mwiko mmoja unaingia kwenye samaki, unatoka, unaingia kwenye maharage. Nilikula wali.

Duka la mikate: mkate mzuri. Kawa la kufunikia limetoboka, na nzi wanalijua tundu. Nilikuwa nalitazama tundu lile, nikaona mwenye duka ametoka jasho. Akaniletea keki ambayo sikuiagiza.

"Leseni ipo ndani, mzee. Niilete?"

"Sihitaji leseni. Nahitaji yai."

"Yai lipo, hata mawili. Na vyeti vya afya vya wafanyakazi vipo vyote, ni mmoja tu hajapimwa, na leo hayupo."

Asiyekuwepo alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kikaangio. Nikala yai langu. Watu wa meza nyingine wakaondoka mmojammoja. Mtu akidhaniwa mkaguzi, hakuna anayetaka kutafuna mbele yake.

Kwa Mama Ngazi niliingia kwa mlango wa mbele. Wa nyuma hakuna, nilitafuta. Mhudumu wanamwita Dakika Mbili, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Glasi yangu ilikuwa na alama ya midomo ya mtu, nyekundu.

"Hii imeshanywewa," nikamwambia.

"Dakika mbili, mzee."

Akarudi na glasi ileile, ameifuta kwa aproni. Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Mzee, hapa ukitaka glasi safi unakuja nayo." Kando yake alikuwepo mlinzi wa benki, mtu mkubwa anayekula bila kuvua kofia. Akasema yeye kijiko chake anatembea nacho, akakitoa mfukoni. Nikakikagua. Kilikuwa safi. Fundi akauliza kama nitampa cheti. Nimerudi hapo kila siku tangu siku ile.

Daktari wangu ni mwanamke, mkali kidogo. Kila Jumatano ananisimamisha mbele ya ubao wa herufi. Anasema dawa tuipe muda, tutaona. Nikamwambia mimi ndiye ninayepaswa kuona, yeye atulie. Hakucheka. Aliniuliza nimekuja na nani. Nikasema nimekuja na mkoba.

Unasema likizo haijapangwa. Nani anapanga?

Babu yako


21 Machi

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Nimechelewa, mvua ilikata barabara na posta ikakaa upande wa pili ikitutazama. Mimi mzima. Mama nimemwandikia, usiseme sijamwandikia. Nimecheka sana habari ya kijiko cha mlinzi. Ninamkumbuka, alikuwa nacho tangu wakati wangu.

Huku tumepata kisa. Mwenzetu mmoja alikuwa hasomi mita. Anakaa kivulini kwenye kibanda cha vocha, anajaza namba za mtaa mzima, halafu anajimwagia maji kifuani ili arudi ofisini kama aliyetoka jasho. Msimamizi alimgundua bila hata kumfuata. Namba zake zilikuwa nzuri mno. Mita ya kweli haina adabu, Babu. Mwezi huu inaruka, mwezi ujao inalala, mara bomba limepasuka, mara wenye nyumba wamesafiri. Zake zilipanda taratibu kila nyumba, kama watoto wa shule kwenye mstari. Hiyo tunaiita kusoma mita kivulini.

Umeniandikia zaidi habari za glasi kuliko habari za macho. Daktari anasemaje hasa?

Kuhusu likizo, ofisi ndiyo inayopanga. Nitakuambia.

Mkeo,
Mita


12 Aprili

Mke wangu mdogo,

Natumaini barabara imeungwa na mbwa wamekuzoea. Nyumbani wazima. Mama yako anasema ulimwandikia mistari minne. Nilimjibu ashukuru.

Kuhusu chakula usiwe na wasiwasi. Kantini ya posta ni safi. Duka la mikate ni safi, wamejirekebisha. Kwa Mama Ngazi ni safi kabisa. Naagiza kilichopo, chochote, maana mtu mzima kuchaguachagua ni utoto. Leo kilikuwa wali. Jana pia, nadhani.

Fundi cherehani haji tena. Sikukisikia kikohozi chake muda mrefu, nikauliza. Dakika Mbili akasema amehamia kwa binti yake. Mlinzi amepangiwa zamu nyingine; viatu vyake vilikuwa vinalia ngazi nzima, sasa ngazi ziko kimya. Waliokaa mahali pao hawasemi. Sijui kama ni walewale kila siku. Ninawajulia hali, wengine wanaitikia.

Daktari amefurahi. Jumatano iliyopita nilisoma ubao mpaka mstari wa chini. Anasema dawa inafanya kazi, na mwisho wa Mei ataniruhusu niende.

Likizo?

Babu yako


20 Aprili

Mume wangu,

Shikamoo. Huku salama, mimi mzima. Nimefurahi kusikia ya mstari wa chini.

Lakini niambie. Kantini ya posta wamenunua mwiko wa pili? Lile tundu la kawa wamelizibaje? Na Mama Ngazi anaandika nini ubaoni siku hizi? Nijibu hayo tu, kwa mkato, hata bila salamu. Na mbona mistari yako siku hizi inapanda mlima? Meza ya gesti imevunjika mguu?

Likizo sijapata.

Mita


5 Mei

Mke wangu mdogo,

Salamu huwa haziachwi, hata kwa mtu mwenye haraka, kwa hiyo nakusalimu. Baba yako ameliuza gari. Anatafuta jingine.

Maswali yako nimeyapata. Hoteli ni safi, nilishakuambia. Meza haina kosa.

Jumamosi kulitokea jambo. Nimekaa kwa Mama Ngazi mahali pangu, mwanamke akaja akasimama mbele yangu. Hakusalimu. Nikadhani anasitasita kukaa na mzee, nikamwambia, "Kiti hicho hakina mwenyewe, mama. Karibu." Akakaa. Nikamuuliza habari za kutwa: kimya. Nikadhani labda ni bubu, nikamsogezea chumvi. Chakula chake kikaja, lakini sikusikia kijiko. Baadaye kiti kikavutwa, akaondoka. Dakika Mbili akaja kuondoa sahani.

"Chakula chake kina nini?" nikamuuliza.

"Hakina kitu, mzee. Hajakigusa."

"Kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Ameshuka ngazi analia."

"Ni pilipili."

"Mzee, nimekwambia hajakigusa."

Watu wana mambo mengi. Nilimhurumia, nikamaliza kula. Nakuandikia habari zake kwa sababu wiki ile hakuna mwingine aliyekaa mbele yangu.

Daktari bado anasema mwisho wa mwezi.

Babu yako


9 Mei

Babu,

Shikamoo. Habari za nyumbani sina, sijawaandikia.

Mwanamke wa Jumamosi ni mimi.

Nilipata siku mbili za mapumziko. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kukutania: nije, nikae mbele yako, ninyamaze, nione mume atachukua muda gani kumjua mkewe. Njia nzima nilikuwa nawaza utanitukana vipi. Nikapanda ngazi, nikamwashiria Dakika Mbili asiseme kitu. Wewe ulikuwa umeligeuzia dirisha kisogo, na jua lilikuwa linanipiga usoni. Ukainua kichwa, ukanitazama, ukaniita mama.

Nilidhani na wewe unanitania. Nikangoja. Ndipo ukaanza kuitafuta chumvi kwa vidole, ukiipapasa meza kuanzia ukingoni. Kwenye wali wako kulikuwa na nzi, Babu. Hakuruka mpaka ulipomgusa kwa kijiko, na wewe ukaendelea kula. Ningesema neno moja ungeijua sauti, halafu ungejua nilichokiona. Nikaondoka. Nilikosea, sina namna ya kulipamba.

Nimezitandika barua zako zote kitandani. Katika ya Machi kila kitu kina doa. Tangu Aprili hakuna hata tone la mafuta. Hoteli zote za mji zimekuwa safi kwa wakati mmoja. Hakuna mji wa hivyo, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hakuna. Nilikuwa nakuchekesha kwa kisa cha mtu anayesoma mita kivulini, kumbe naandikiana naye.

Mstari wa chini uliusomaje?

Baba sijamwambia na sitamwambia. Hilo ni lako. Lakini daktari anataka kukuruhusu uende na jicho asilolijua. Akikuruhusu hivyo hutabaki na meza ya Mama Ngazi wala ya nani, utakwenda moja kwa moja stoo, kwenye kitanda cha baba, na sinia litakuwa la kudumu. Mwambie kabla ya mwisho wa mwezi. Kama kuna kinachotibika, kinatibika sasa.

Na jambo jingine, kwa kuwa leo hatutaniani. Hakuna wafanyakazi wenzangu ninaokula nao. Huku kila mtu anakula kwake. Mimi nakula chumbani, nimesimama, sufuria bado iko juu ya jiko.

Mjukuu wako


18 Mei

Babu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kila basi la posta likiingia ninakwenda kuuliza, mpaka karani wao ananionea haya. Sikuandika ili ukasirike. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Mita


28 Mei

Mke wangu mdogo,

Barua hii anaiandika karani wa gesti. Maneno ni yangu, koma ni zake. Anakusalimu, nilimwambia hakuna haja, akasema barua bila salamu za mwandishi ina mkosi. Yeye ndiye aliyenisomea zako tangu Aprili. Ile ya tarehe tisa aliisoma mara moja, akakataa kuirudia. Nyumbani ni wazima.

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ulinifanyia ukaguzi wa kushtukiza. Nimewafanyia watu ukaguzi wa kushtukiza maisha yangu yote na sikujua unavyouma. Nilikuwa nakwenda kantini ya posta badala ya kwa Mama Ngazi, ili nisikae kwenye kiti kile. Halafu mwiko wao mmoja ukanitia tumbo la kuhara, nikalala chumbani, na hakuna aliyegonga mlango ila huyu karani. Hapo hasira ikapungua.

Ubao niliusoma hivi. Benchi la wagonjwa liko mlangoni, na mlango haufungwi. Kila aliye mbele yangu anasoma herufi zilezile kwa sauti. Foleni ni ndefu. Zamu yangu ikifika ninazijua kama jina langu. Sikuhitaji hata kugeukia ubao, ila niligeukia kwa heshima.

Sababu ni hii. Siku ya kwanza daktari alisema dawa isipofanya kazi watapasua, na mtu hapasuliwi mpaka awe na mtu wake wa kukaa naye wodini, wa kumtia dawa na kumshika mkono kwenda chooni. Nikawapitisha watu kichwani. Baba yako angekuja mbio, na angenitoa wodini moja kwa moja mpaka stoo. Mama yako tayari anauguza wagonjwa wa upande wa kwao. Bibi yako ndiye ambaye nisingehitaji kumuuliza, angekuwa ameshafunga mzigo. Wewe nilikuuliza likizo, nikauliza tena, ukanijibu kama ofisi. Sikuwa nimejua kwamba na wewe unakula umesimama. Nikaona kujifanya naona ni rahisi kuliko kuomba mtu.

Jumatano nilimwambia daktari. Akachukua gazeti mezani, akanifungulia mbele ya uso.

"Unaona nini hapa, mzee?"

"Karatasi."

"Imeandikwa nini?"

"Haijaandikwa."

Akalikunja. Nikasikia amevuta kiti, amekaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mzee, wewe si ulikuwa bwana afya?"

"Nilikuwa."

"Mwenye hoteli akikuficha panya, ulikuwa unamfanya nini?"

"Namfungia."

"Basi na mimi nakufungia. Wodini."

Jicho la kulia tumelichelewa. Alisema tungelijua Machi angejaribu kitu. Sasa halina la kujaribu. Nimelikubali, maana nililificha mwenyewe. La kushoto litapasuliwa tarehe kumi Juni, asubuhi. Hakuniahidi. Alisema lina nafasi, na kwamba baada ya wiki mbili nyingine za uongo lisingekuwa nayo.

Baba yako nimemwandikia mwenyewe, kwa mkono wa huyu karani. Nimemwambia yote. Nimemwambia pia kwamba asije sasa, na kwamba stoo airudishie mahindi. Sijui atanielewa.

Muuguzi wa wodi alinihoji juzi. Aliuliza umri, dawa ninazokunywa, halafu akauliza nani atakaa na mimi.

"Mke wangu," nikasema.

"Mzee, si umeniambia sasa hivi mkeo alifariki?"

"Huyo alikuwa mkubwa. Ninaye mdogo, yuko kikazi."

Akacheka, akasema wazee tuna mambo. Kisha akauliza, "Atakuja?"

Sikumjibu, kwa sababu sijui, na sikutaka kusema uongo wa pili katika jengo moja.

Kwa hiyo sikuulizi tena habari za likizo. Nakuomba uje. Karani ameuliza kama aliandike neno hilo kama nilivyolisema, nimemwambia aliandike. Wodi ya wanaume iko chini, hakuna ngazi. Nitakuwa nimefungwa bandeji, sitajua nani anapita na nani amesimama. Ukifika karibu na kitanda sema neno, hata liwe la matusi.

Babu yako